Gari la Dukani na Mali ya Mayatima

Bismillahi Rahmani Rahim. Sifa zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba zake wote.



Mwezi uliopita nilisafiri kutoka Mombasa hadi Kisii kuitikia mwaliko wa ndugu zetu wa huko, waliotaka nishirikiane nao kuwatahini wanafunzi wa madrasa. Njia ni ndefu: Nairobi, Narok, Bomet, Sotik, kisha Keroka, ndipo mtu aingie mjini. Msomaji wa Pwani ambaye hajafika huko ajue kwamba ni nchi ya vilima vya kijani, migomba kila upande na mashamba ya chai hasa kuelekea Nyamira, na mvua ya alasiri ambayo wenyeji hawaishangai. Barabara zake zimejaa magari aina ya Toyota Probox. Gari hilo lilitengenezwa kuchukua watu watano, lakini huko nimeliona likibeba tisa, mmoja wao akigawana kiti na dereva. Nalitaja ili ifahamike kwamba gari kwa watu wa nchi hiyo si pambo la mlangoni. Ndilo linaloshusha ndizi mlimani, ndilo linalompeleka mzazi hospitalini, na mwenye gari ana riziki.

Usiku wa pili, baada ya sala ya Isha, mwenyeji wangu aliniambia kuwa kuna familia inayotaka kuniuliza jambo. Wakaingia watu watatu: mjane wa mwalimu mmoja kutoka upande wa Nyamira, mama mkwe wake, na mdogo wake marehemu. Mke wa mwenyeji wangu akaketi pamoja nao. Mjane yule ni Mgusii aliyesilimu kabla ya ndoa yake, na Kiswahili chake ni kizuri kuliko cha wengi wetu. Akaeleza kwa utulivu.

Mumewe alifariki miezi minane iliyopita. Aliacha nyumba, shamba dogo la chai, na akiba katika chama cha akiba na mikopo cha walimu. Baada ya gharama za mazishi na kulipa madeni yaliyojulikana, zilibaki shilingi 2,400,000. Watoto ni watatu: wavulana wawili, wa miaka 13 na 11, na msichana wa miaka 7.

"Sheikh," akasema, "nimeona gari jipya dogo la mizigo katika supamaketi moja. Limewekwa ndani, karibu na mlango, mbele ya rafu za sukari na unga. Bei yake ni milioni tatu. Asiye nazo zote atoe milioni moja na laki mbili mwanzo, kisha 56,250 kila mwezi kwa miezi 48. Shemeji yangu ataliendesha, tubebe ndizi mpaka Kisumu na Nairobi. Nimekwisha kutoa arubuni ya elfu hamsini, na kesho napeleka zilizobaki. Nauliza: kununua gari katika duka linalouza sukari na sabuni, badala ya kwenda kwa wauzaji wa magari wenyewe, kuna ubaya wowote katika dini?"

Nikamjibu upesi, maana swali nililiona jepesi. Nikamwambia kwamba asili ya biashara ni uhalali. Sharia haikumfunga muuza sukari asiuze gari, wala haikumpa muuza magari peke yake haki ya kuyauza. Nikawaombea baraka. Shemeji akatabasamu, mjane akashukuru, wakainuka.

Mama mkwe alikuwa hajasema neno tangu aingie. Alipofika mlangoni akageuka, akasema kwa sauti ya chini: "Sheikh, mwanangu hakuacha pesa za mtu mmoja."

Maneno hayo yaliniondolea usingizi. Jibu nililotoa halikuwa na kosa kwa lile nililoulizwa, lakini nilimjibu mtu kabla sijajua mambo mawili ambayo hata mwanafunzi wa mwanzo wa fikihi huyauliza katika mlango wa biashara: kitu kinachouzwa ni cha nani, na fedha inayotolewa ni ya nani. Wahenga wetu walisema haraka haraka haina baraka, na safari hii mwenye haraka alikuwa ni mimi. Asubuhi nikamwomba mwenyeji wangu awapigie simu wasipeleke chochote mpaka tuonane, tukaenda dukani pamoja.

Gari lilikuwa zuri, jeupe, lenye utepe mwekundu, na watoto wa wateja walikuwa wakiligusa taa. Kijana aliyesimama kando yake alitupokea kwa adabu. Nikamuuliza: "Mwanangu, gari hili ni la duka?" Akasema: "Hapana, Sheikh. Ni la kampuni ya Nairobi. Sisi hapa tunaonyesha tu." Nikamuuliza kama mama huyu akilipa leo ataondoka na hili. Akasema hili ni la maonyesho. La kwake litaletwa kutoka Nairobi baada ya kiasi cha siku 30, na rangi itategemea litakalopatikana. Nikamuuliza nani atapokea zile 56,250 za kila mwezi. Akatoa karatasi, na humo tukaona jina la tatu, la kampuni ya mikopo. Duka lilikuwa halijalinunua gari lile, wala halikukusudia kulinunua. Hupata ujira kwa kila mteja linayempeleka.

Namshuhudia kijana yule kwamba hakusema uongo hata mara moja. Mjane hakuuliza, naye hakuwa amefundishwa kueleza. Mtu anapoona bidhaa ndani ya duka, mbele ya rafu ya sukari, akili yake humwambia kuwa gari ni la mwenye duka kama sukari ilivyo ya mwenye duka. Mahali penyewe ndipo palipomdanganya, si mtu.

Sasa tuitazame sharia inasema nini. Sahaba Hakim bin Hizam alikuwa mfanyabiashara, akamuuliza Mtume, rehema na amani zimshukie, kuhusu mtu anayemjia akitaka kitu asichokuwa nacho, naye akamuuzia kwanza kisha akaenda sokoni kukinunua. Mtume akamkataza kuuza asichokuwa nacho. Hadithi hiyo wameipokea Abu Daud, Tirmidhi na wengineo, na juu yake wamejenga mafakihi, wakiwemo wa madhehebu yetu ya Imam Shafi, kwamba mtu hauzi asichomiliki, wala hauzi alichonunua kabla hajakikabidhi. Hekima yake iko wazi: asiyekuwa na kitu hawezi kuahidi kitakuja lini, kitakuja katika hali gani, wala hatabeba hasara kikiharibika njiani. Hatari yote humwangukia mnunuzi, na faida hubaki kwa asiyebeba kitu.

Lakini sharia hiyo hiyo imeruhusu udalali. Mtu anaweza kusema: mimi si mwenye mali, mimi ni wakala wa mwenye mali, na ujira wangu ni kiasi hiki. Hilo ni halali, na babu zetu wa Pwani wamekula kwa udalali vizazi na vizazi. Sharti lake ni moja: ijulikane. Supamaketi ikisema wazi kwamba ni dalali, mnunuzi atajua kwamba mkataba wake ni na kampuni ya Nairobi, na gari likiwa na ila atajua pa kwenda.

Wala jambo hili si geni duniani. Huko Marekani, duka kubwa la Sears liliuza gari jipya kwa jina lake lenyewe, Allstate, mwaka 1952 na 1953. Gari hilo lilitengenezwa na kampuni ya Kaiser-Frazer. Ingawa Sears ilikuwa na wateja wengi mno, yaliuzwa zaidi kidogo ya 2,300 tu, biashara ikaachwa. Uingereza, supamaketi ya Tesco ilianza kuuza magari yaliyotumika kwa njia ya intaneti mwaka 2011, na kufikia 2012 ikafunga huduma hiyo. Costco ya Marekani ilichagua njia nyingine: haiuzi gari yenyewe, bali humpeleka mwanachama wake kwa muuzaji wa magari kwa bei iliyokwisha kupatanwa. Kwa lugha ya vitabu vyetu, Sears alikuwa muuzaji, na Costco ni dalali. Yote mawili yana mlango wake katika sharia, na mnunuzi ana haki ya kujua ameingia mlango upi.

Kwa nini kuuza gari si sawa na kuuza sukari? Kwa sababu gari haliishi siku linaponunuliwa. Kilo ya sukari ikiisha muamala wake umekwisha, lakini gari lina waranti, lina vipuri, lina fundi aliyefunzwa. Muuzaji wa magari anayejulikana ana gereji yake na ghala lake la vipuri. Mnunuzi wa Nyamira ambaye fundi wa waranti yake yuko Kisumu atakwenda safari ndefu kila gari linapodai huduma, na siku hiyo ndizi hazibebwi. Hayo nayo ni sehemu ya bei, ingawa hayaandikwi chini ya utepe.

Tusidhani pia kwamba jina kubwa pekee ni kinga. Watu wa Kisii wanakumbuka kwamba Nakumatt walikuwa na tawi mjini mwao. Duka hilo lililoanzia Nakuru lilienea Afrika Mashariki, likazama katika madeni, na Januari 2020 wadai wake wakapiga kura lifilisiwe. Waliolipelekea bidhaa wakabaki wakidai. Uchumi, iliyoanzishwa mwaka 1975, ilifunga milango yake mwaka 2006 kabla ya kufunguliwa tena. Na wauzaji wa magari hawakusalimika: CMC Motors, jina lililojulikana kwa miongo mingi, ilitangaza mwanzoni mwa 2025 kwamba inafunga shughuli zake Kenya, Uganda na Tanzania. Basi swali la nani anabeba dhamana huulizwa popote, penye sukari na pasipo sukari. Mtu akiweka arubuni mikononi mwa asiye mwenye mali, kisha huyo akafunga milango, atamdai nani?

Na neno arubuni, ndugu zangu, ni neno la mafakihi lililoingia katika Kiswahili chetu. Ni fedha anayotangulia kutoa mnunuzi, akikamilisha ununuzi huhesabiwa katika bei, na akighairi hupotea. Imam Shafi na wanavyuoni wengi hawakuikubali biashara ya namna hiyo, kwa kuwa muuzaji hula mali bila ya kutoa kitu. Imam Ahmad aliiruhusu, na Baraza la Kimataifa la Fikihi la Kiislamu, katika kikao chake cha mwaka 1993 huko Brunei, liliijuzisha endapo muda wa kungoja umewekwa. Karatasi ya mjane ilisema arubuni hairudi, na haikutaja muda wowote.

Likabaki suala la awamu. Bei ya taslimu ni 3,000,000. Mama akitoa 1,200,000, deni ni 1,800,000. Miezi 48 kwa 56,250 ni 2,700,000. Kwa hiyo gari la milioni tatu lingemgharimu 3,900,000, yaani laki tisa zaidi. Hapa watu wengi huchanganya mambo. Kuuza kwa awamu kwa bei iliyo juu ya taslimu kunajuzu kwa wanavyuoni wengi, maadamu mwenye mali ndiye anayeuza, bei ni moja, imekatwa siku ya mkataba na haipandi tena. Lakini ile kampuni ya tatu haikuwa na gari. Ilikuwa inatoa fedha 1,800,000 na kutaka irudishiwe fedha 2,700,000, na kila mwezi ukichelewa zinaongezeka. Hiyo si biashara ya gari. Hiyo ni riba, hata kama karatasi yake imechorwa picha ya gari.

Wapo wanaouliza benki za Kiislamu zinatofautiana vipi, ikiwa nazo huongeza. Benki kama Gulf African, iliyoanza kazi mwaka 2008, hutumia mkataba wa murabaha. Benki hununua gari kwanza, likawa mali yake na hasara yake, kisha humuuzia mteja kwa faida inayotajwa wazi. Anayeingia mkataba huo naye asiache kuuliza: mmelinunua lini, na hati ya ununuzi iko wapi? Ikiwa benki haikulimiliki gari hata kwa saa moja, basi jina la murabaha halitausafisha mkataba huo.

Tuliporudi nyumbani kutoka dukani, mjane akasema: "Basi, Sheikh, nitakwenda kwa muuzaji wa magari mwenyewe, nilipe taslimu zile nilizo nazo, nitafute gari la bei ndogo." Hapo nikamgeukia mama mkwe, maana neno lake la usiku lilikuwa bado halijajibiwa.

Nikamwambia mjane: "Binti yangu, tumejua kwamba gari halikuwa la duka. Sasa tuangalie fedha ni ya nani."

Marehemu aliacha mke, mama na watoto. Baba yake alitangulia mbele ya haki. Mke akiwa na watoto fungu lake ni thumuni, moja katika nane. Mama, maiti akiwa na watoto, fungu lake ni sudusi, moja katika sita. Kinachobaki ni cha watoto, mwanamume akichukua mafungu mawili ya mwanamke. Tukaigawa hesabu kwa mafungu 24, kila fungu shilingi 100,000. Mke ana mafungu 3, yaani 300,000. Mama ana 4, yaani 400,000. Watoto wana 17, yaani 1,700,000: kila mvulana 680,000 na msichana 340,000.

Mjane alinyamaza kwa muda. Kisha akasema: "Kwa hiyo hiyo milioni moja na laki mbili niliyotaka kupeleka..." Nikamwambia: "Laki tatu ndizo zako. Laki tisa zingekuwa za watu wengine." Akainama, akalia, na mama mkwe wake akamshika mkono.

Ndugu wasomaji, mwanamke yule hakuwa mwizi. Alikuwa mama anayetaka watoto wake wale, wavae, wasome. Chama kilimwita yeye kwa kuwa jina lake ndilo lililoandikwa na mumewe, akadhani kuandikwa jina ni kumilikishwa. Wengi wetu hapa Pwani tunadhani hivyo hivyo. Anayeandikwa kupokea akiba ya marehemu ni mwenye amana. Anapokea kwa niaba ya warithi, kisha anagawa. Na Mwenyezi Mungu katika Suratun-Nisaa amewaonya kwa moto wanaokula mali ya mayatima kwa dhulma, onyo ambalo msomaji hawezi kulipita bila ya kutetemeka.

Shemeji akaingilia: "Lakini Sheikh, fedha zikikaa tu zitaisha. Gari lingewazalishia watoto." Neno lake lina haki ndani yake, na sikumkatalia. Sayyidna Umar, radhi za Mungu zimshukie, aliwausia wasimamizi waifanyie biashara mali ya mayatima isije ikaliwa na zaka. Lakini msimamizi huifanyia biashara akiwa na tahadhari zaidi ya anayoichukulia mali yake mwenyewe, kwa maandishi na mashahidi, na biashara yenyewe iwe salama kadiri inavyowezekana. Kuweka fungu la watoto katika gari moja, lenye deni la riba, linaloendeshwa na ami yao bila ya mkataba, katika barabara ambazo sote tunajua ajali zake, hakuwi biashara ya yatima. Mama mkwe, akiwa mtu mzima mwenye akili zake, anaweza kumzawadia mjane fungu lake akipenda. Mtoto wa miaka 7 hawezi kuzawadia chochote, na mtu yeyote asiseme "watoto wamekubali".

Tukaandika. Aya ya deni katika Suratul-Baqara, iliyo ndefu kuliko aya zote za Qurani, inafunza kuandika na kushuhudisha, na wazee wetu nao walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mafungu ya watoto yameandikwa kila mmoja na jina lake. Mjane na imamu wa msikiti ni wasimamizi, na matumizi ya chakula na shule yatatolewa kwa wema na kuandikwa. Likitokea la kubishaniwa, Mahakama ya Kadhi ipo, na Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imeitaja kwa mambo ya mirathi ya Waislamu. Mjane ameanza kununua ndizi kwa laki tatu zake mwenyewe na kuzipakia katika gari la kukodi. Faida ni ndogo, lakini analala.

Arubuni ya elfu hamsini ilirudi. Meneja wa duka, ambaye si Mwislamu, alisikiliza habari, akasema karatasi inampa haki ya kuizuia lakini mama yake naye alikuwa mjane. Baada ya wiki mbili ilirudishwa yote, na imeingizwa katika daftari la mirathi. Mwenyezi Mungu amlipe kheri. Shemeji hakufurahi, na nilipoondoka hakuja kuniaga. Namwombea, kwa sababu naye alikuwa akitafuta riziki.

Kwa akina mama na akina baba wanaosoma ukurasa huu nyumbani, nawausia maswali manne kabla ya kulipia gari, liwe dukani, katika yadi au kwa muuzaji rasmi.

Kwanza, gari ni la nani? Taka kuona hati ya umiliki au ya ununuzi, na jina lililomo liwe ndilo jina la anayekuuzia, au la aliyemwakilisha kwa maandishi. Taka kuliona gari lenyewe, si mfano wake.

Pili, likiwa na ila nitarudi kwa nani? Sharia inakupa hiari ya kurudisha kwa ila iliyofichwa, nayo katika madhehebu yetu inakuruhusu kushurutisha siku zisizozidi tatu za kufikiri. Sheria ya Kenya ya kuwalinda watumiaji bidhaa ya mwaka 2012 nayo ipo kwa ajili yako. Jina la mwenye waranti na mji alipo fundi wake viandikwe.

Tatu, bei ya mwisho ni ngapi? Zidisha awamu kwa miezi, ongeza malipo ya mwanzo, kisha uliza: ninayemlipa ananiuzia gari au ananiuzia fedha?

Nne, fedha hii ni ya nani? Ni yangu, ya mke wangu, ya warithi, ya mayatima? Mume asiuze dhahabu ya mkewe akanunua gari kwa jina lake mwenyewe akasema "letu". Mali ya mwanamke katika Uislamu ni yake, na akichangia gari jina lake liandikwe katika hati.

Nina neno pia kwa ndugu zetu wa Mombasa wenye yadi. Magari mengi yanayonunuliwa nchini ni yaliyotumika kutoka Japani, ambayo sheria inataka yasizidi umri wa miaka minane, nayo hushuka Kilindini mbele ya macho yetu kabla ya kupanda bara. Mama wa Nyamira hawezi kuja kukuchungulia injini. Anakuamini kwa salamu yako na kofia yako. Mtume, rehema na amani zimshukie, alipita sokoni akatia mkono katika lundo la nafaka, vidole vikakuta maji chini yake, akamkemea mwenyewe kwa kuficha majimaji chini na kuweka kavu juu, na akasema anayeghushi si katika sisi. Anayerudisha nyuma hesabu ya kilomita katika gari ameficha majimaji yale yale.

Siku ya kuondoka, mama mkwe alikuja kituoni na mkungu mdogo wa ndizi mbivu. Nikamuuliza kwa nini usiku ule hakusema mapema. Akajibu: "Uliulizwa habari za duka, Sheikh, ukajibu habari za duka. Nilingoja uulize habari za watoto."

Ndizi zile tulizila nyumbani Mombasa, na kisa hiki nikawahadithia wanangu, nikaona niwahadithie na nyinyi. Tumwombe Mwenyezi Mungu atupe riziki ya halali, atukinge na riba na mali za mayatima, na awajaalie wajane wetu wasimamizi waaminifu.

Wabillahi tawfiq. Wallahu a'lam.